Namba ya Kwanza ya Doña Mele

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa tisa alasiri, Doña Hermelinda Valdenegro atafunga kopo lake la gundi, atapanga juu ya rafu yale makopo ya sadini aliyoyajaza mchanga ili kukandamizia majani, kisha atazima taa. Atakuwa ameitumikia Hifadhi yetu ya Mimea Mikavu kwa miaka thelathini na tisa, miezi minane na siku ishirini na tano. Hesabu hiyo ni yake. Mimi nilikuwa nimeandika "takriban miaka arobaini", akaniangalia kama mtu aliyekuta mende ndani ya kabati.

Kamati ya sherehe iliniomba wasifu mfupi na mchangamfu. Ufupi umenishinda. Uchangamfu nitajitahidi, ila naomba radhi mapema: sehemu kubwa ya habari hii niliishi nikiwa nimekaukiwa mate, na mengi yaliyonikausha nilijitakia mwenyewe.

Doña Mele, kama tunavyomwita, alizaliwa San Cosme, kijiji cha milimani ambako lami inakata tamaa kilomita ishirini kabla ya kufika. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 3 Machi 1986, akiwa na miaka ishirini na mitatu, kuchapa lebo kwa taipureta. Walioomba kazi walikuwa watano. Wanne walipiga chafya mbele ya vumbi la mimea, yeye hakupiga. Ndivyo wanasayansi wanavyochagua watu.

Kazi yenyewe ni hii. Mkusanyaji huingia jangwani, huchuma mmea, huubana katikati ya magazeti mpaka ukauke, na kwenye daftari lake huandika aliuona wapi, lini na kwenye mwinuko gani. Kila mmea humpa namba, na namba hizo hufuatana maisha yake yote: ukianza na moja leo, utakufa na elfu kadhaa. Kisha mzigo unafika kwa Doña Mele. Anaugandisha kwenye friza wiki nzima ili wadudu wafe, anaubandika mmea juu ya karatasi ngumu, anachapa lebo, na kila kipande kilichodondoka anakitia kwenye bahasha ndogo pembeni. Amebandika karatasi elfu sitini na moja. Chumba chake hakina feni, kwa sababu feni hupeperusha mbegu, na joto la mji wetu wa Hermosillo la mwezi wa saba mnalijua wenyewe.

Kuhusu friza hiyo, nakiri kwamba mwaka 2011 nilificha humo coyota sita, biskuti zile za kujazwa sukari guru, nilizopanga kula peke yangu. Asubuhi nilikuta zimebandikwa kwenye karatasi ngumu na lebo juu: "Mkusanyaji: Dk. Fermín Othón. Makazi: penye baridi, nyuma ya cactus. Wingi: zilikuwa sita, sasa nne." Karatasi hiyo imo kabatini hadi leo. Ina namba.

Bosi wake wa kwanza, marehemu Profesa Ceballos, alimpa sheria moja tu: andika kilichoandikwa. Mkusanyaji akikosea jina la mto, chapa kosa lake. Akiandika kwamba nyumbu wake wa mizigo amenuna, chapa kwamba nyumbu amenuna. Sisi tuliokuja baadaye na shahada zetu tuliiona sheria hiyo kuwa ukaidi wa kizamani. Nilimtania kwa hilo miaka kumi na tano. Nisomeni mpaka mwisho mwone nilivyolipwa.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, yote yalikuja kusimama juu ya karatasi moja.

Karatasi hiyo ni namba 4,431 ya Don Anselmo Quijada, mwalimu wa shule ya San Cosme aliyekusanya mimea mgongoni mwa nyumbu kila Jumapili. Juu yake kuna haragwe-mwitu, dada mwembamba wa tepari, haragwe la jangwani ambalo bibi zetu wanalipika na mfupa. Lina majani kama sindano na maganda madogo yanayojinyonga yakikauka. Wazee wa San Cosme waliliita haragwe la kware. Don Anselmo alilichuma tarehe 15 Septemba 1985 ndani ya Korongo la Tescalama, kwenye ukingo wa mwamba, mwinuko mita 1,190. Hapakuwa na karatasi nyingine ya mmea huo kwetu, wala kwa wenzetu wote tuliowaandikia barua. Doña Mele aliibandika katika wiki yake ya tatu kazini. Anakumbuka vizuri, kwa sababu akiwa anaishika, ganda moja lilipasuka, ta! na mbegu ikampiga kwenye miwani.

Sasa kampuni moja ya mawe ilikuwa imepata kibali cha kulipua barabara ndani ya korongo hilo. Kamati ya mazingira ya jimbo iliweka sharti moja: haragwe la kware likionekana hai kwenye njia ya barabara, barabara ihamie upande wa pili wa mlima. Lisipoonekana, baruti. Kikao cha mwisho kilipangwa Jumatatu tarehe 23 Septemba.

Wa kulitafuta nilikuwa mimi. Nilipanda mara mbili, magoti yakilia kama milango ya kanisa, hadi mita 1,190 kama lebo ilivyosema. Hapo ni juu ya Ngazi ya Mawe, ule mporomoko mkavu ambao maji hushukia wakati wa mvua. Nilitafuta kila ufa, nikakuta kinyesi cha mbuzi na chupa ya bia. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili ambamo maneno "bila shaka" yametokea mara nne. Bila shaka mmea umetoweka. Nikaituma.

Jumatano tarehe 18, mhandisi wa kampuni, Ledezma, alifika kuchukua nakala ya karatasi 4,431. Ni kijana mpole, viatu safi. Aliitazama lebo akatikisa kichwa.

"Daktari, tusizungushane. Umetafuta pale, hakuna kitu. Mchapaji alikosea, basi. Labda korongo ni lingine. Labda mwinuko ni mwingine. Mtu kabonyeza tarakimu isiyo yake miaka arobaini iliyopita, leo sisi tunasimamisha mashine."

Doña Mele alikuwa amekaa hatua mbili nyuma yake, akipaka gundi.

"Mchapaji ni mimi," alisema.

Mhandisi akageuka, masikio yamewaka. "Samahani, Doña. Sikuwa na maana mbaya. Ila ulikuwa mgeni kazini..."

"Mgeni, ndiyo. Kipofu, hapana."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini brashi ilikuwa imesimama hewani na gundi inadondoka mezani, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Mhandisi alipoondoka aliniuliza kama daftari la Don Anselmo bado lipo. Lilikwisha ungua na jiko la mjane wake, na yeye alijua. Hapakuwa na pa kulinganisha. Kama kidole chake kiliteleza siku ile ya mwaka 1986, korongo la kwao lingelipuliwa kwa sababu ya kidole hicho, na yeye asingejua kamwe.

"Nitolee kwenye kompyuta mimea yote ya siku ile," aliniambia.

Hilo ni jambo ambalo watu wa kazi yetu tu wanalielewa. Kwa kuwa namba hufuatana, ukizipanga mezani unamwona marehemu anatembea. Namba 4,411 anafunga nyumbu kanisani, 4,415 anavuka kijito, 4,424 yuko kisimani anakunywa maji. Shida ni kwamba kabatini mimea imepangwa kwa koo zake, kwa hiyo safari ya siku moja imetawanyika vyumba vitatu. Nikamchapishia orodha: mimea ishirini na minane, 4,411 hadi 4,438. Kila kitu safi. Alianza kanisani San Cosme, mita 612, akamaliza kanisani San Cosme, mita 612.

Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hii siyo."

"Siyo nini?"

"Haikuwa mia sita na kumi na mbili. Nani kaiandika hivi?"

Nikajibu kwamba kompyuta haikosei. Halafu nikakumbuka. Mwaka 2009, nikiwa na shahada mpya na wikiendi tupu, niliisafisha orodha. Nilisahihisha makosa ya wazi arobaini na matatu, na nikajipongeza kwa bia. Kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii kilikuwa ndani ya shati langu, kimevaa miwani.

"Daktari," alisema taratibu, "umeninyooshea lebo zangu?"

"Kidogo tu, Doña."

"Kidogo tu. Kama mimba."

Alitoka, nikasikia makabati yanafunguka chumba cha tatu. Alirudi na karatasi ya mchicha-pori, gugu ambalo hata mbuzi wa San Cosme hawaliheshimu. Namba 4,438. Lebo, kwa taipureta ile ile ya zamani, ilisema: "Chini ya ngazi za kanisa, San Cosme. Mita 700. Mvua kubwa, nasubiri ipungue."

"Ngazi hizo nimezikalia tangu sijaota meno," alisema. "Pana bamba la shaba limeandikwa 612. Nilipoichapa hii nilimkimbilia Profesa, nikamwambia mwalimu kakosea, niirekebishe? Akaniambia, binti, andika kilichoandikwa. Nilikasirika siku mbili. Lakini niliandika."

Hapo tukaelewa wote wawili. Don Anselmo alitembea na kipima-mwinuko cha mfukoni, na kila asubuhi alikitega sawasawa na bamba lile la shaba. Kifaa hicho hupima uzito wa hewa. Kimbunga kikisogea kutoka ghuba, hewa inakuwa nyepesi, na kifaa, masikini, kinadhani kimepanda mlima. Siku ile kilitoka kanisani kikisema 612 na kikarudi pale pale kikisema 700. Kilikuwa kimepanda mita themanini na nane kikiwa kimekaa mfukoni.

Alitafuta karatasi ya kisimani, 4,424. Kisima cha Nyumbu kiko mita 840, kila mtu wa San Cosme anajua. Lebo ilisema 872. Kumbe kufika pale kilishadanganya mita thelathini na mbili. Akachukua rula, akachora mstari kutoka thelathini na mbili hadi themanini na nane. Haragwe, namba 4,431, liko katikati kabisa ya 4,424 na 4,438. Sitini.

Mita 1,190, toa sitini. Mita 1,130.

Chini ya Ngazi ya Mawe. Mimi nilitafuta juu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimepanda juu ya kitanda. Huko chini hakuna aliyetafuta, kwa sababu lebo haikusema, na huko chini ndiko barabara ilikopangiwa kupita.

Nilisema nitapanda Jumamosi. Doña Mele akasema tutapanda. Nilifungua mdomo nimweleze habari za magoti na umri wa miaka sitini na moja, nikaona uso wake, nikafunga. Katika miaka thelathini na minane hakuwa amewahi kwenda kukusanya hata mara moja. Siku zote tulidhani hapendi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tuliondoka San Cosme Jumamosi tarehe 21, saa kumi na moja alfajiri. Kiongozi alikuwa Don Chano Buitimea, mwenye nyumbu wawili na maneno machache. Mhandisi Ledezma alikuja pia, maana kamati ilitaka shahidi wa upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha Ijumaa, na redio ilisema kimbunga kingine kinajikokota kutoka ghuba. Doña Mele alitega kipima-mwinuko kwenye bamba la shaba kwa mkono wake, na tulipofika Kisima cha Nyumbu akakisoma tena.

"Kimeshadanganya mita nane," alinong'ona. "Hali ya hewa inageuka."

Don Chano alitupa sharti moja. "Saa sita mchana tunatoka, mmepata au hamjapata. Na nikisema pandeni, hakuna cha 'subiri kidogo'. Korongo hili halina mlango wa nyuma. Tumeelewana, Daktari?"

"Kwa nini unaniambia mimi tu?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayependa kuandika."

Alikuwa na haki ya kuhofia. Ila mtu wa kumhofia hakuwa mimi.

Saa nne tulikuwa chini ya Ngazi ya Mawe. Pembeni mwa maji membamba kulikuwa na mashimo ya baruti yaliyokwisha tobolewa, na kwenye mawe alama nyekundu za rangi, X baada ya X. Tukagawana kuta. Tulipekua kila ukingo, kila kivuli. Saa tano, hakuna. Saa tano na robo, hakuna. Mhandisi hakufurahi wala hakusikitika, alikaa juu ya jiwe akitazama saa, na kila alipoitazama nilihisi anaivuta Jumatatu karibu. Mawingu yalikuwa yameziba kichwa cha korongo, meusi, na juu huko kulikuwa kunanguruma. Doña Mele alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anapapasa mwamba kwa vidole vile vya gundi. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Saa tano na nusu wingu lilipasuka, jua likatupiga dakika chache, kali, na mwamba ukaanza kutoa mvuke.

Ta!

Doña Mele aliinua kidole. "Nyamazeni."

"Nini?" aliuliza mhandisi.

"Nimesema nyamaza, mwanangu."

Ta! Kisha tena, ta! Sauti ndogo, kama mahindi ya kwanza kwenye kikaango. Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba maganda ya maharagwe-mwitu hujinyonga juani na kupasuka. Yeye alikuwa ameisikia, mara moja, miaka thelathini na minane nyuma, ikiishia kwenye miwani yake. Alisimama akaifuata kwa masikio, kama anayemtafuta mtoto anayecheka nyuma ya pazia, mpaka kwenye mtini wa mwambani, tescalama, ambao mizizi yake myeupe humwagika ukutani kama nta ya mshumaa. Nyuma ya mizizi, juu kidogo ya kichwa chake, palikuwa na jani kama sindano. Halafu la pili. Halafu mtambaa mzima, maua ya zambarau na maganda ya kahawia, umejilaza juu ya jiwe.

Juu ya jiwe palikuwa na X nyekundu. Haragwe lilikuwa limepita katikati yake.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nililia, na nadhani mhandisi aligeuka pembeni kwa adabu. Doña Mele hakulia. Alikata tawi moja dogo lenye ua na ganda, akaacha mengine yote, akalilaza kwenye gazeti, akatoa kalamu.

Hapo ndipo Don Chano alipopiga kelele. "Maji yamebadilika rangi! Pandeni!"

Tulitazama miguuni. Kijito kilikuwa cha kahawia, kina vijiti, na kilinuka udongo mpya. Juu huko mngurumo haukuwa tena wa radi.

"Dakika mbili," alisema Doña Mele.

"Doña, hakuna dakika mbili!"

"Mmea bila lebo ni chakula cha ng'ombe, Don Chano. Jumatatu watasema tumeuchuma nyuma ya kanisa. Mhandisi! Njoo usome mwinuko."

"Doña, tutakufa hapa!"

"Soma, halafu tufe na lebo."

Ledezma alikuja. Maji yalishafika juu ya viatu vyake, ambavyo havikuwa safi tena. Alishika kifaa kwa mikono miwili. "Elfu moja mia moja thelathini na nane."

"Saini hapa. Na tarehe."

Alisaini. Mimi shujaa wenu nilikuwa nimeshapanda mzizi wa kwanza, na sitasema uongo, wa pili pia. Don Chano alilibeba begi lenye mmea kwa meno, Ledezma akaweka bega lake chini ya Doña Mele akamsukuma juu, mzizi hadi mzizi, Doña akimwelekeza kutoka juu bila haraka, "Siyo hapo, mwanangu, hapo pana siafu." Alipovuta mguu wake wa mwisho kwenye ukingo, ukuta wa maji ulipita chini yetu, na magogo, na kile kipande cha mwamba alichokuwa amekalia mhandisi.

Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu. Kamati ilitaka mmea hai, na mahali ulipokuwa palikuwa sasa na maji yanayochemka. Doña Mele alifungua kitambaa, akatugawia tortilla, chapati zetu nyembamba, na tepari za baridi zenye chiltepín, pilipili ile ndogo ya milimani, tukala tukitazama chini. Mhandisi alitafuna muda mrefu.

"Ile X niliipaka mimi," alisema mwishoni. "Nilisimama pale pale. Niliona majani tu."

"Na mimi nina udaktari," nikamwambia, "sikusimama hata pale."

Saa tisa maji yalishuka. Tuliteremka. Mtambaa ulikuwa umejaa matope, umelala kichwa chini, majani nusu yamechanwa, lakini mizizi yake ilikuwa ndani ya ufa, na ilipovutwa ilikataa. Don Chano aliugusa kwa kidole kimoja. "Hili limeyaona maji haya mara nyingi kuliko sisi," alisema. "Sisi ndio wageni."

Jumatatu nilisimama mbele ya kamati nikaifuta ripoti yangu, "bila shaka" zote nne. Wakauliza ni nani nje ya Hifadhi aliyeshuhudia. Ledezma alikuwa amekaa karibu na mabosi wake, na mmoja wao alikuwa anamtazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Alinyanyuka.

"Mwinuko niliusoma mimi," alisema. "Saini ni yangu. Na jiwe lile nilikuwa nimelipangia baruti."

Barabara imehamia upande wa pili wa mlima. Inapita kilomita tatu zaidi, na ukisimama San Cosme unasikia malori kwa mbali. Ndani ya korongo unasikia kware.

Inabaki lebo. Wajuzi mnajua kwamba mmea hupewa namba ya mtu aliyeuchuma. Mwanamke aliyebandika mimea elfu sitini na moja ya watu wengine hakuwa na namba hata moja yake. Karatasi ya pili ya haragwe la kware, iliyo sasa juu ya 4,431 katika kabati la kumi na tisa, ina jina la mkusanyaji na namba: H. Valdenegro 1.

Nilimwomba niichape mimi, kwa taipureta ya zamani. Niligundua kwamba kwenye lebo ya mkono, huku maji yakipanda, alikuwa ameandika tarehe 20 Septemba. Tulikuwa tarehe 21, na saini ya mhandisi chini yake inasema hivyo. Vidole vyangu vilisimama juu ya vitufe. Nikamtazama. Yeye alikuwa anapaka gundi, hakuinua kichwa, lakini brashi ilipunguza mwendo.

Nimechapa 20. Atakayeikuta baada ya miaka arobaini atafute mwenyewe. Pia nimeyarudisha yale makosa arobaini na matatu niliyoyasahihisha mwaka 2009, moja baada ya jingine, kutoka kwenye karatasi zako, Doña Mele. Ilinichukua wikiendi sita. Kuna nyumbu mmoja alinuna mara nane.

Tunakushukuru kwa kila kipande kilichodondoka ambacho hukukitupa. Tunakushukuru kwa kutotusikiliza. Wafanyakazi wenzako wamechanga, na zawadi si saa ya ukutani: ni ubao wa kubania mimea, viatu vya kupandia milima, na daftari jipya ambalo kwenye mstari wa kwanza tumeandika "2" na kuacha nafasi. Makorongo yakupokee yakiwa makavu, magoti yakutii, jua lipasue maganda upande wako wa sikio. Na safari hii tunakualika rasmi, kwa maandishi, jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwaka 1986: Jumamosi tunapanda. Njoo.